Kimiminika R

Jumatano, 2 Septemba

Msambazaji wa kemikali ametuletea zawadi, daftari lenye picha ya mizani kwenye jalada. Mwalimu wa kemia hakulitaka, kwa hiyo nimelichukua mimi, mtunza maabara, ambaye kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikichukua kila ambacho wengine hawakitaki. Nitaandika muhula huu wa mwisho, ambao siku zote huwa mrefu kuliko mwaka mzima.

Jioni kaka amemleta binti yake. Begi moja, mto mmoja, na mdomo usiojua kupumzika. Kwao wanamwita Chiriku, na kabla sijafunga mlango nilikuwa nimeshaelewa sababu. Aliniuliza kwa nini pazia langu ni la kijani, kama jirani ana mbwa, na kama maabara yetu ina fuvu la mtu. Mwaka jana alianguka kemia kwa daraja moja tu. Chuo cha uuguzi kimemshikia nafasi mpaka matokeo ya mwaka huu, baada ya hapo wanampa mwingine. Atafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kituo alichopangiwa ni shuleni kwetu.

"Dada, nakukabidhi," kaka alisema akiwa bado mlangoni. "Akikushinda na wewe, sijui nimpeleke wapi."

Alhamisi, 3 Septemba

Ameongea kutwa.

Jumapili, 6 Septemba

Nimemkalisha jikoni nione tatizo liko wapi. Hana maabara huko anakosomea, ana daftari tu, na kemia ya daftarini haina harufu. Nikafungua bomba maji yatoke kama uzi, nikasugua kitana cha plastiki kwenye nywele, nikakisogeza karibu. Uzi wa maji ukapinda kukifuata kitana. Chiriku alinyamaza kwa sekunde tatu nzima.

"Shangazi, umefanyaje?"

Nikamweleza. Ndani ya molekuli ya maji, oksijeni ni mchoyo, inazivutia elektroni kwake, na haidrojeni mbili zinabaki na upungufu. Kwa kuwa molekuli yenyewe imepinda, upande mmoja una chaji hasi kidogo na upande wa pili chanya kidogo. Hizo ndizo ncha. Ncha hasi ya hii inaivuta ncha chanya ya ile, molekuli zinashikana, na ndiyo maana maji yanachelewa kuchemka.

Tatizo nimeliona. Kwa Chiriku, kifungo kati ya atomu mbili kikiwa na ncha basi molekuli nzima ina ncha. Mwaka jana aliandika kwamba kaboni dioksidi ina ncha, akatetea kosa hilo kwa ukurasa mzima.

Jumamosi, 12 Septemba

Nimemfunga kamba mbili za kuanikia nguo kiunoni. Moja nimeshika mimi, nyingine nimempa jirani yangu fundi cherehani, tukavuta kila mtu kwake kwa nguvu sawa. Chiriku akabaki katikati hajasogea hata hatua.

"Hiyo ndiyo kaboni dioksidi," nikamwambia. "Oksijeni mbili, kila moja inavuta, lakini zinavuta kinyume na kwa usawa. Vifungo vina ncha, molekuli haina."

Nikampa fundi ishara aachie. Chiriku akanirukia, tukaangukia ndoo ya nguo mimi na yeye.

"Na hiyo ndiyo asetoni," nikasema nikiwa chini. "Oksijeni iko upande mmoja, hakuna wa kuipinga."

Fundi cherehani amecheka mpaka akakaa. Chiriku ameelewa. Nakiri nimefurahi kuliko nilivyotarajia.

Jumatatu, 14 Septemba

Kavunja kikombe changu. Kasema kimeteleza. Vyote huteleza.

Alhamisi, 24 Septemba

Joto. Chupa za heksani, kimiminika chepesi kama petroli, zinapungua ghalani bila kuguswa, kwa kuvukiza tu. Nimeanza kuandika kipimo cha kila chupa asubuhi na jioni.

Jumatano, 30 Septemba

Mkuu wa shule ameniita kujaza fomu ya ofisi ya mitihani. Wiki ijayo bahasha ya siri inakuja, na atakayeifungua ni mimi, kwa sababu lazima mtu aandae vimiminika kabla ya siku. Kwa hiyo kila mwaka, kwa karibu wiki mbili, mimi ndiye peke yangu shuleni ninayejua mtihani wa vitendo. Hata mwalimu wa kemia hajui. Mkuu anashuhudia bahasha ikifunguliwa, anatia sahihi, na hasomi.

Swali la nne la fomu: "Je, kuna mtahiniwa wa mwaka huu ambaye ni ndugu yako au unaishi naye?" Chini yake mistari mitatu ya maelezo.

"Weka sahihi tu, mama," Mkuu alisema huku akitafuta miwani yake. "Nani mwingine nitampata?"

Nikaandika: Hakuna.

Naandika hapa sababu zangu, maana pale, baada ya Hakuna, hapakuwa na pa kuziandika. Ningesema ninaye, wangemleta mtunza maabara wa shule ya ng'ambo ya barabara kuu, yule ambaye mwaka juzi alibandika lebo za asidi kwenye chupa za besi na kituo kizima kikapata majibu ya kinyume. Ghala langu halijawahi kuguswa na mtu mwingine. Na mdomo wangu naujua, ukifungwa umefungwa. Chiriku ni namba tu kwao. Jina la baba yake si langu, maana mimi natumia la marehemu mume wangu.

Nimezisoma sababu hizi mara mbili. Zinaonekana nzuri zaidi kichwani.

Jumanne, 6 Oktoba

Bahasha imekuja. Nimeifungua ghalani Mkuu akiwa amesimama mlangoni.

Vimiminika vitatu. P, maji yaliyokenekwa. Q, heksani. R, propanoni, ambayo nje ya maabara kila mtu anaiita asetoni. Chembe za iodini, mafuta ya kupikia, kijiti cha plastiki na kitambaa cha kukisugulia. Mtahiniwa ataonyesha kipi kina ncha na kipi hakina, kisha aeleze R inawezaje kuchanganyika na P na pia na Q. Sehemu ya R peke yake ni maksi kumi na mbili kati ya hamsini.

Ni somo la jikoni kwangu, neno kwa neno. Nimeifunga bahasha kabatini, nikatafuta pa kukaa.

Jumatano, 7 Oktoba

Nilikuwa namenya viazi, naye yuko mezani na daftari.

"Shangazi, nielezee tena ile ya asetoni. Kama ina ncha, mbona mafuta hayaikimbii?"

Kisu kikasimama mkononi. Nikimjibu, nimevujisha mtihani. Nisipomjibu, mtoto niliyekuwa namjibu kila kitu tangu Septemba atajiuliza kwa nini hili tu limenishinda.

"Soma asidi na besi," nikasema.

"Asidi na besi nazijua."

"Zirudie!"

Nilipaza sauti. Akafunua kurasa taratibu. Viazi nimevimenya mpaka vikabaki kama karanga.

Alhamisi, 8 Oktoba

Kuanzia leo sijibu swali lolote la kemia, la mada yoyote ile, ili kimya changu kisielekeze popote. Nimemwambia ni kanuni.

"Kanuni ya nani?"

"Yangu."

"Nimekukosea nini, Shangazi?"

Nimetoka nje kuangalia nguo ambazo zilikuwa zimekauka tangu mchana.

Jumapili, 11 Oktoba

Amekuja na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu ya damu ya mzee. Akasema nimekonda kwa hasira, kwa hiyo anipambe. Akanishika mkono, akanipaka kidole baada ya kidole, ulimi nje kama anaandika mtihani. Sijapakwa kucha tangu harusi yangu. Nilitaka kumwambia kwamba hajanikosea chochote. Badala yake nikamwambia kidole gumba kimepakwa vibaya, arudie.

Jumanne, 13 Oktoba

Watahiniwa arobaini, chupa tatu kila mmoja, mia na ishirini. Ghala halina dirisha la maana na joto halijapungua. Nimeanza na propanoni mapema, maana haina subira: kinachoshikilia molekuli zake ni dhaifu kuliko kile cha maji, ukiicheleweshea kizibo inaaga. Sentimita za ujazo ishirini kila chupa, kizibo, utepe mwekundu juu ya kizibo, lebo. Glavu nilizonazo ni zile nyepesi. Ya kulia ilitoboka kwenye chupa ya sita, na sikuweza kusimama katikati ya kazi.

Nimefika nyumbani, nimepakua chakula, nimenyoosha mkono kuchukua chumvi. Vidole vitatu vya kulia vilikuwa vyeupe na vikavu kama chokaa, na kucha zake hazina rangi. Zimesafishika kabisa. Mkono wa kushoto bado ulikuwa mwekundu kama alivyouacha.

Nikaurudisha mkono chini ya meza. Chiriku alikuwa anasimulia kisa cha mwanamke wa dukani. Aliishia katikati ya sentensi. Akala mpaka mwisho bila neno, akaosha vyombo bila neno.

Kimya chake kimenitisha kuliko maneno yake yote tangu Septemba.

Jumatano, 14 Oktoba

Asubuhi nilimkuta ameshaamka, daftari la kemia limefungwa kwa raba na kuwekwa juu ya kabati.

"Kwa nini husomi?"

"Nimelifunga."

"Nimekuuliza kwa nini."

Akasema akitazama kikombe. "Rangi ile nimeijaribu mwenyewe. Haitoki kwa maji, haitoki kwa sabuni, haitoki kwa mafuta ya taa. Inatoka kwa asetoni tu. Na imetoka mkono mmoja, ule unaofanyia kazi. Na tangu bahasha zije unanikimbia. Wenzangu wote wanajua wiki ile bahasha zinafika. Sikutaka kujua, Shangazi. Nilikuwa natafuta chumvi tu, kama wewe."

Nikakaa.

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani?"

"Kile kikundi chenu cha kujisomea."

"Sijamwambia mtu."

Nilitakiwa kumwamini hapo hapo. Niliondoka kwenda kazini nikiwa nimemwamini nusu.

Alhamisi, 15 Oktoba

Mwalimu wa kemia, kijana wa watu, wanafunzi wanamwita Sawasawa kwa kuwa kila sentensi yake inaishia hapo. Leo ameingia ghalani anacheka.

"Mama, watoto wanasema kwenye vitendo kuna asetoni. Sasa mimi nawaambia someni vyote, sawasawa?"

Nilikuwa nimeshika bika ya kioo. Sijui niliiwekaje mezani bila kuivunja.

"Nani anasema?"

"Wote. Wameandika ukutani kule chooni."

Nikaenda nyumbani mbio wakati wa mapumziko. Sikuuliza, nilihukumu. Nilimwambia Chiriku amenifukuzisha kazi, ameharibu watoto arobaini, na kwamba baba yake alikuwa na haki ya kumchoka. Hilo la mwisho nalijutia hata kalamu ikiwa inaliandika. Hakujitetea. Aliniuliza tu kama nimemaliza, akaingia chumbani.

Nikarudi shuleni, nikaingia choo cha wanafunzi, mtu mzima na umri wangu, kusoma ukuta. Wameandika asetoni. Pia wameandika asidi, besi, chumvi za shaba, kasi ya mmenyuko, elektrolisisi na fosforasi. Wameandika silabasi nzima, na chini yake mtu ameongeza: "na maombi." Hakuna aliyevujisha kitu. Ni watoto wanaobahatisha, kama kila mwaka.

Ijumaa, 16 Oktoba

Nimeomba radhi. Amesema, "Haya."

Jumamosi, 17 Oktoba

Nimekwenda mpaka mlango wa ofisi ya Mkuu. Mlango ulikuwa wazi nusu, alikuwa anahesabu karatasi za viti. Ningesema maneno machache tu: ninaishi na mtahiniwa, na amegundua. Wangebadilisha swali kwa lile la akiba, kazi ya siku mbili. Labda pia wangemzuia Chiriku asifanye, na chuo kingempa mtu mwingine nafasi yake. Nilisimama pale mpaka Mkuu akainua kichwa.

"Mama, kuna shida?"

"Nilitaka kujua kama viti vinatosha."

"Vinatosha."

Nikarudi ghalani. Nimeogopa, na sioni neno jingine la kuliita.

Jumapili, 18 Oktoba

Mawingu mazito, mvua hakuna. Chiriku amepiga pasi sketi yake mara mbili.

Jumatatu, 19 Oktoba

Mtunza maabara haruhusiwi kuingia chumba cha mtihani. Anakaa ghalani, kwenye dirisha dogo la kutolea vifaa, asubiri kitu kivunjike. Watahiniwa waliingia kwa mstari wa namba. Chiriku alikuwa wa thelathini na moja. Alipita hatua mbili kutoka nilipo, akaangalia mbele, kana kwamba hanijui kabisa. Nilishukuru, na nikaumia.

Saa mbili na nusu za mtihani. Niliwasikia wakisugua vijiti, nikasikia mrija wa kioo ukianguka, msimamizi akikohoa. Kutoka dirishani naziona meza za mbele tu. Ya thelathini na moja iko nyuma, karibu na sinki.

Walipotoka, nikaanza kukusanya. Kazi hii naipenda, kwa kuwa vyombo husema aliyevitumia alikuwa mtu wa namna gani. Wapo waliomwaga iodini yote kwenye mrija mmoja. Yupo aliyechanganya P na Q akatikisa mpaka akalowesha ukuta, kana kwamba akizidisha nguvu zitakubaliana. Meza ya ishirini na tisa haikusugua kijiti kabisa.

Meza ya thelathini na moja ilikuwa safi. Chupa ya P imebaki robo. Q imebaki nusu, na kwenye mrija iodini imegeuka zambarau safi ya kupendeza, kama nilivyotaka kila mtoto aione. Chupa ya R ilikuwa imesimama peke yake pembeni. Utepe mwekundu juu ya kizibo haujakatwa. Nimeiinua kwenye mwanga. Sentimita za ujazo ishirini, kamili.

Nilikaa kwenye kiti chake. Maksi kumi na mbili alizozijua kuliko mtoto yeyote katika chumba kile, na hakuzigusa.

Jumanne, 20 Oktoba

Kila baada ya mtihani naandika ripoti inayoambatana na karatasi za majibu: kilichovunjika, kilichobaki, kilichokosekana. Kwenye mstari wa meza ya thelathini na moja nikaandika: "R haikutumika, utepe mzima." Msimamizi aliuona, akatia sahihi. Pembeni kuna safu ya sababu. Ningeweza kuandika kwamba haijulikani, kama nilivyowahi kuandika miaka mingine nikiwa kweli sijui.

Nikachukua karatasi nyingine. Nikaandika kwamba mtahiniwa wa thelathini na moja ni mtoto wa kaka yangu, kwamba anaishi nyumbani kwangu, kwamba jibu langu kwa swali la nne lilikuwa la uongo. Nikaandika alivyogundua na lini. Nikampelekea Mkuu pamoja na chupa yenyewe.

Alisoma amesimama, kisha akasoma amekaa.

"Mama, wewe unajua unachofanya? Wanaweza kukifuta kituo. Watoto arobaini."

"Najua."

"Hakuna aliyeuliza! Hakuna anayejua!"

"Atajua mtu siku moja. Siku hiyo chupa hii haitakuwepo, na itakuwa neno letu tu. Leo utepe upo, haujakatwa, na msimamizi wako ameuona."

Alivua miwani, akajisugua macho kwa muda mrefu. "Miaka kumi na minne," akasema. Kisha akanyoosha mkono nimpe funguo za ghala. Nilizitoa kwenye pete moja moja.

Saa nne asubuhi nilikuwa nimeshafika nyumbani. Chiriku alifungua mlango akaona uso wangu.

"Wamekufukuza?"

"Bado. Nimeandika kila kitu."

Sijawahi kumwona akikasirika. Alikasirika kwa mwili mzima.

"Kwa nini? Mimi nimeacha maksi kumi na mbili ili wewe ubaki kazini! Ili hata wakija kuchunguza wasikute hata tone nililotumia! Nilikaa na ile chupa, Shangazi, naitazama, najua kila kitu kilichomo, nikaiacha! Sasa umekwenda kujitoa mwenyewe. Nimeziacha za nini?"

Nilikuwa nimedhani ameziacha kwa ajili ya uaminifu. Kumbe aliziacha kwa ajili yangu, siku nne baada ya mimi kumwambia yale ya baba yake. Nikamwambia kwamba sahihi ile niliitia mimi, na haikuwa haki yeye ailipie peke yake.

Alilia. Nililia pia, jikoni, watu wawili wazima na sufuria ya uji inayofurika. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo kama mtu anaruhusiwa kurudia mara ya tatu.

"Sijui," nikamwambia.

Jumamosi, 24 Oktoba

Mvua imenyesha hatimaye. Kaka amepiga simu. Nilimwambia yote. Akaomba azungumze na binti yake, nikatoka nje na mwavuli.

Jumatatu, 2 Novemba

Hakuna barua.

Jumatatu, 9 Novemba

Hakuna. Sawasawa amepita nyumbani, kakaa ukingoni mwa kiti, kasema ghala limemshinda, hapati hata vizibo. Nimemchorea ramani ya makabati. Hakusema "sawasawa" hata mara moja.

Jumatano, 18 Novemba

Barua imekuja leo, Mkuu ameileta mwenyewe kwa mguu, viatu vimejaa matope. Nimemkalisha Chiriku mezani, nikamsomea kwa sauti.

Mimi nimezuiwa kushughulika na mitihani kwa miaka mitano, na shule itaamua kama nitarudi ghalani. Kituo hakitafutwa. Majibu ya mtahiniwa wa thelathini na moja yatasahihishwa kama yalivyo, bila fidia yoyote kwa sehemu ambayo hakuijibu, kwa kuwa imethibitika mtahiniwa hakunufaika.

Nilipomaliza, Mkuu aliaga haraka akaondoka. Tulibaki sisi wawili. Nilianza kupiga hesabu kwa vidole: maksi thelathini na nane zilizobaki, ngapi zinahitajika kwa daraja, ngapi anaweza kumudu kupoteza. Inawezekana. Kwa tabu, lakini inawezekana.

Chiriku hakuwa anasikiliza hesabu zangu. Alikuwa ameikazia macho barua.

"Shangazi, nisomee tena mwisho."

Nikamsomea.

"Tena. Pale wanaposema mimi."

"Mtahiniwa hakunufaika," nikasoma, polepole, kila neno peke yake. Akaichukua barua mkononi mwangu, akaikunja mara mbili, akaenda kumpigia simu baba yake amsomee.